Uani Gerezani, Palipofundishwa Kufuma

Mtoto akizaliwa Dar es Salaam, hata mwezi wa Januari joto likiwa limepita nyuzi 30, atazungushiwa kanga, avikwe kofia ya sufu, soksi na glavu. Asiyezoea anaweza kuona ni kumtesa mtoto, lakini hata wakunga huhimiza kichanga afunikwe kichwa, kwa kuwa kichwa chake ni kikubwa kulinganisha na mwili na hupoteza joto upesi. Glavu zenyewe hazina vidole. Ni vifuko viwili vidogo vinavyofungwa kwa utepe kwenye kifundo cha mkono ili mtoto asijikwaruze uso kwa kucha. Zamani, katika nyumba nyingi za eneo la Gerezani jijini humo, vitu hivyo vilifumwa humo humo nyumbani, mimba ingali changa, na bibi, mama mdogo, wifi au mpangaji wa chumba cha pili. Leo vinanunuliwa Kariakoo, seti nzima ndani ya mfuko wa plastiki, kazi ya kiwandani. Wanaoeleza badiliko hili husema moja kati ya mambo mawili: ama bidhaa za bei rahisi zimeua ufundi, ama mabinti wa siku hizi ni wavivu. Naona maelezo yote mawili hayafiki kwenye shina. Ufundi wa mikono ulififia Gerezani kwa sababu mahali ulipofundishiwa, yaani ua wa nyumba, paliondolewa, na wala hatukukaa tukafikiri tuweke nini badala yake.

Tuitazame nyumba yenyewe. Mitaa iliyonyooka ya Kariakoo na Gerezani ilipangwa tangu enzi ya Wajerumani, na Waingereza wakaiendeleza miaka ya 1920 kuwa sehemu ya Waafrika, ikitengwa na Uhindini kwa uwanja wazi wa Mnazi Mmoja. Nyumba iliyojaa katika mitaa hiyo, kuanzia Kipata, ambayo sasa inaitwa Kleist Sykes, hadi ng'ambo ya Msimbazi, ilikuwa nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na nyuma ua wenye jiko, choo na stoo. Mara nyingi vyumba hivyo sita vilikuwa na kaya kadhaa, mwenye nyumba na wapangaji wake. Wanaume walikuwa na baraza. Wanawake walikuwa na ua. Humo Mzaramo aliyekulia kusuka ukili wa mikeka alikaa mkeka mmoja na mama wa Kimanyema, Mnyamwezi aliyefuata mume anayefanya kazi reli, na Mngazija ajuaye kushona kofia. Kufuma kwa sindano na kwa kroshia kuliingia kupitia misheni na vilabu vya wanawake vya wakati wa ukoloni, vilivyofundisha kushona, kufuma na mapishi. Aliyejifunza huko alirudi na ujuzi huo uani, na uani hakukuwa na kitu cha kuficha. Kilichoshikwa na mmoja leo, kesho kilikuwa mikononi mwa watatu.

Hapa inafaa tuangalie jinsi mkono unavyojifunza, maana hoja yote imesimama juu ya jambo hilo. Kofia ya kichanga ya kroshia huanza na mnyororo mfupi unaofungwa kuwa duara. Kila mzunguko unaofuata unaongezewa mishono kwa hesabu, hadi utosi utimie, kisha mfumaji anaacha kuongeza ili kofia ianze kushuka kufuata kichwa. Akiongeza kupita kiasi, pembeni panajikunja mawimbi. Akiongeza pungufu, kofia inafumba mapema na haivaliki. Hayo mtu anaweza kuyaandika kwenye karatasi. Kisichoandikika ni mkazo wa uzi. Karibu kila anayeanza huvuta uzi mno, mshono ukabana, kroshia ikakataa kupita, naye akadhani kosa ni la kroshia. Mwalimu aliye pembeni haelezi kwa maneno mengi. Anashika kidole cha shahada cha mwanafunzi, anaulegeza uzi juu yake, na mshono unaofuata unakubali. Ukili nao una siri ya namna hiyo: kusuka utepe wa miyaa ni hesabu, lakini kushona utepe kwa utepe hadi mkeka ulale sawa sakafuni bila kujikunja kunataka jicho la mzoefu anayeona kosa likiwa bado changa. Ufundi wa aina hii hupokewa kwa kusahihishwa papo hapo, mara nyingi, na mtu asiye na haraka. Ua ulitoa vyote hivyo bila ada: mtu mzoefu, muda wa jioni wakati chungu kipo jikoni, na macho ya wengi.

Anayelaumu bidhaa za nje ana ushahidi wa kuonyesha, na haifai tuupuuze. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa ile ya 1980, baada ya Vita vya Kagera na uhaba wa fedha za kigeni, maduka yalikuwa matupu, na mwenye uzi alikuwa na mali. Sweta likichakaa lilifumuliwa, uzi ukafuliwa na kunyooshwa, likazaliwa la mtoto. Mwaka 1984 serikali ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na baada ya Rais Mwinyi kuingia madarakani mwaka 1985 milango ikafunguka zaidi. Mitumba ikajaa, na Kariakoo ikawa soko linalowavuta wafanyabiashara kutoka Zambia, Kongo, Malawi na Komoro. Ni kweli kwamba saa nyingi za kufuma sweta haziwezi kushindana na sweta la mtumba. Lakini ikiwa bei ndiyo sababu kuu, ingebidi ufundi ufe kila mahali bidhaa hizo zilipofika. Haikuwa hivyo. Unguja, kofia ya mashine imejaa madukani, na bado kofia ya mkono, ile ya viua, inashonwa kwa wiki nyingi na kununuliwa kwa bei inayoizidi ya mashine mara kadhaa. Mikeka ya plastiki imefika hadi vijiji vya pwani, na bado katika vijiji vingi ukili unasukwa. Tofauti iko wapi? Huko wanawake bado wana kivuli cha kukaa pamoja, na binti anapita hapo kila siku akiona kazi inavyokwenda. Bei inaamua nani atauza. Haiamui peke yake nani atajua.

Tukiifuata hoja hii kwa miaka, inakaa sawasawa na yaliyotokea mjini. Katika miaka ya mwanzo ya ruksa hiyo ya kuagiza bidhaa, maduka yalianza kujaa, lakini nyumba za Gerezani nyingi zilikuwa bado za chini, na vitambaa vya kufuma viliendelea kutandazwa juu ya makochi, redio na meza za vioo. Pigo lilikuja baadaye, pale kiwanja kilipokuwa na thamani kubwa kuliko nyumba iliyosimama juu yake. Kuanzia miaka ya 1990 nyumba za Kiswahili zilianza kuuzwa au kuingizwa ubia na wawekezaji, na badala yake yakapanda maghorofa: maduka chini, stoo za mizigo juu yake, na vyumba vya kupanga juu zaidi. Familia nyingi zilihamia Mbagala, Gongo la Mboto na Tandika, kila moja upande wake. Waliobaki walipata bomba la ndani, choo cha peke yao na mlango wa kufunga kwa ufunguo. Hizo ni neema, na anayezibeza hajui foleni ya choo cha uani. Ila katika ramani ya ghorofa, eneo lisilo duka, ngazi wala chumba ni hasara kwa mwenye jengo, kwa hiyo halichorwi. Aliyejua kufuma akawa ghorofa ya nne, na mtoto ambaye angejifunza kwake akawa ghorofa ya pili, kila mmoja nyuma ya mlango wake.

Kuna pingamizi la pili, na kwangu ndilo zito zaidi. Baadhi ya wanawake watasema ufundi huo ulikuwa sehemu ya kufungiwa. Mwali wa Kizaramo aliwekwa ndani miezi mingi akisuka ukili wakati ndugu zake wa kiume wakicheza barabarani, na vilabu vya kikoloni vilimfundisha mwanamke kufuma kana kwamba hakuna kingine anachoweza. Kwa nini turudi huko, binti akiwa sasa shuleni na mama akiwa na duka lake? Jibu langu ni kwamba kufungiwa kulikuwa dhuluma, na hakuna anayepaswa kutamani kurudi kwake. Lakini tusiuhukumu ua kwa dhuluma hiyo, kwa sababu ua huo huo ulikuwa pia nguvu ya wanawake. Bibi Titi Mohamed alipoanza mwaka 1955 kuwaingiza wanawake wa Dar es Salaam katika TANU, alipitia vikundi vya ngoma na mitandao ya majumbani, na kwa muda mfupi alikusanya maelfu. Humo humo uani ndimo ulimochezwa upatu na yalimouzwa maandazi, vitambaa na mikeka, fedha zikabaki mkononi mwa aliyezitafuta. Shule nayo haikuwa adui wa sindano: kwa miaka mingi watoto walifundishwa sayansi kimu darasani. Walichokosa ni mtu wa kuwaendelezea mkono wakirudi nyumbani.

Pingamizi la tatu ni la vijana: simu inafundisha kila kitu. Ni kweli, na nafurahi kuona mikoba na nguo za kufuma zikirudi mitandaoni, zikiuzwa na mabinti waliojifunza kwa video. Lakini video inakuonyesha mkono wa mwalimu. Haiuoni wa kwako. Ndiyo maana wengi huanza na kuishia kwenye mnyororo wa kwanza, uzi ukiwa umebana. Tulipata funzo jingine Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku. Soko la vikapu lilifunguka ghafla katika jiji ambalo zamani lilikuwa na wasusi wengi wa ukili. Pengo hilo kwa sehemu kubwa likajazwa na mifuko mbadala ya viwandani. Uhitaji ulikuwepo, malighafi ilikuwepo pwani nzima, na mikono ya kutosha mjini haikuwepo tena. Hapo hatuwezi kuilaumu bei peke yake.

Kama sababu ni mahali, basi dawa ianzie kwenye mahali. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mkopo unanunua uzi na cherehani, lakini haununui jioni mia mbili za kukaa na fundi. Pale Mnazi Mmoja, hatua chache kutoka Gerezani, kuna Ukumbi wa Arnautoglu, uliojengwa miaka ya 1950 kwa mchango wa mfanyabiashara wa Kigiriki George Arnautoglu uwe kituo cha jamii. Ukumbi wa namna hiyo, au chumba kimoja katika kila kata chenye benchi, taa na mwanamke mzee anayelipwa posho kwa saa zake, ungefanya kazi kubwa kuliko semina kumi za ujasiriamali. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo tayari inatambua maeneo ya pamoja ndani ya ghorofa, basi kibali cha ujenzi nacho kidai eneo moja lililo wazi kwa wakazi, lisilo duka wala stoo. Bado wako wanawake wanaojua kufuma glavu za kichanga na kulaza mkeka wa ukili sawa, wametawanyika kutoka Mbagala hadi Gongo la Mboto. Wengi ni wazee. Tukiwapa mahali pa kukaa na watu wa kukaa nao, watafundisha kama walivyofundishwa. Tukichelewa, tutakuwa na mikopo, uzi na soko, na mtu wa kuusahihisha mkono hayupo.