Na Sisi Tumeandikwa Wapi Hapo?

Fomu ya atachmenti ilikuwa na kurasa nne. Ukurasa wa kwanza unataka jina, namba ya usajili na simu ya mtu wa kupigiwa ukipatwa na jambo. Wa pili una kichwa "Malengo ya Mwanafunzi" na mistari mitano mitupu. Wa tatu ni "Majukumu". Wa nne ni wa sahihi na mihuri, na kama umesoma Kenya unajua kwamba huo ndio ukurasa unaomnyima mwanafunzi usingizi.

Ile mistari mitano wengi wetu tuliijaza ndani ya matatu. Unaazima kalamu, unachungulia ya mwenzako, unaandika "kupata uzoefu", "kuielewa jamii", "kuunganisha nadharia na vitendo". Hakuna mhadhiri atakayekurudishia. Lakini hebu jiulize Ijumaa ya wiki ya sita: nimeielewa jamii kiasi gani? Robo? Nusu? Lengo ambalo huwezi kujua kama umelifikia ama bado ni salamu tu. Unaisema, unapita.

Nilikuwa nasomea kazi ya ustawi wa jamii, na nilitumwa Kawangware kwa wiki 12, kwa shirika dogo lililokuwa na chumba kimoja juu ya duka la misumari na rangi. Kawangware unaijua hata kama hujafika. Ukitoka Lavington kwa miguu, baada ya dakika chache kuta zenye nyaya za umeme zinaisha, mabati yanaanza, na makanga wa 46 anakuita kama mlikuwa pamoja jana. Wiki mbili za kwanza nilipanga faili, nikachemsha chai, nikaingiza majina ya watu kwenye kompyuta bila kuwaona hao watu. Kwenye ukurasa wa majukumu palikuwa pameandikwa "kazi nyingine yoyote atakayopewa". Sentensi hiyo ni fupi, na imekula atachmenti nyingi.

Wiki ya tatu nikaunganishwa na mama mmoja wa kule Gatina, mhudumu wa afya wa kujitolea. Aliijua mitaro yote na aliwajua waliolala njaa. Tukiwa tumekaa kwenye benchi ya kibanda cha chapati, aliomba kuiona fomu yangu. Akaisoma yote, taratibu, hadi mihuri. Kisha akanirudishia.

"Umeandika vile wewe utasoma. Sawa. Na sisi tumeandikwa wapi hapo?"

Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza tu, kama mtu anayeuliza bei. Nilifungua ukurasa wa pili tena. Kweli, "jamii" ilikuwepo mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa kitu cha kutazamwa.

Jioni hiyo nilimwomba supavaiza tuandike upya. Alishangaa kidogo, akavuta kiti. Tukakubaliana kila lengo liwe na sehemu mbili: nitakachojifunza, na mtu wa mtaani atakayepata nini mimi nikikijifunza. Kama sehemu ya pili haijazwi, lengo linatoka. "Kupata uzoefu" likatoka la kwanza.

Lililobaki lilionekana dogo: kufikia wiki ya saba niweze kumtoa mtu mlangoni kwake na kumfikisha ofisi inayomhusu, nikijua inafunguliwa lini, inaitisha karatasi gani, na ni nani hurudishwa bila kuhudumiwa. Karatasi yenyewe ilinipata haraka. Kulikuwa na msichana aliyelelewa na shosho yake, na shule ilikuwa ikiitisha cheti cha kuzaliwa ili asajiliwe kwa mtihani wa darasa la nane. Alizaliwa nyumbani. Mama yake alikuwa amefariki, na cheti cha kifo nacho hakikuwepo. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inasema kila mtoto ana haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa. Shosho alikuwa na jina la mjukuu wake kwenye kadi ya kliniki iliyokunjwa mara nne ndani ya Biblia.

Tulienda kwa mzee wa mtaa, tukaenda kwa chifu, tukapata barua, barua ikawa na kosa la herufi moja, tukarudi. Tulipanga foleni mjini siku ambayo mtandao ulikuwa chini. Shosho aliniita mwanangu na akanishikia nafasi nilipoenda kununua maji. Siku ya tatu akaniuliza, "Mwanangu, ukimaliza shule yako nani atatembea na mimi?"

Swali hilo halikuwa na mstari kwenye fomu, na ndilo zito kuliko yote. Atachmenti inaisha wiki ya 12. Kesi ya mtu haijui kalenda ya chuo. Mwanafunzi anakuja, anafungua kidonda cha watu, anaandika maelezo mazuri, kisha anaenda kugradueti. Baada ya miezi miwili anakuja mwingine na daftari jipya: shosho, hebu nieleze tangu mwanzo.

Kwa hiyo tukaongeza jukumu la mwisho: kuaga. Kuaga huku si ile keki na soda ya Ijumaa. Kunaanza wiki ya tisa. Kila mtu uliyemhudumia unamwambia siku utakayoondoka, unamuuliza angependa nani aendelee naye, unamleta huyo mtu, mnakaa watatu. Unaandika ukurasa mmoja: tumefika wapi, karatasi gani iko wapi, hatua inayofuata ni ipi na ya nani. Nakala inabaki kwa mwenyewe, kwa lugha anayoisoma au anayoweza kusomewa. Wa shosho niliuandika kwa Kiswahili na yule mama wa Gatina akaupokea.

Cheti kilitoka wiki ya 15. Nilipigiwa simu nikiwa darasani. Kwenye logibuku yangu, yenye mihuri yote, hakuna mahali pameandikwa kwamba kilitoka. Nilipewa alama za kufika kwa wakati na kuvaa vizuri.

Siku hizi mimi ndiye supavaiza, upande wa Kibera. Kila muhula wanaletwa wanafunzi wawili watatu, na naanza nao kwa kutembea. Kutoka Makina, ambako Wanubi, wazao wa askari wa King's African Rifles, walikuwapo kabla yetu sote na ambao lugha yao ndiyo iliyoipa Kibra jina, hadi Laini Saba na relini. Nataka wajue wamekuja mahali pa aina gani. Kwa miaka mingi dunia iliambiwa Kibera ina watu milioni moja, kisha sensa ya 2009 ikahesabu 170,070. Mabishano ya idadi hayajaisha, lakini jambo moja halina ubishi: watu hapa wamehojiwa sana. Ukibisha hodi Gatwekera unaweza kuulizwa, "Nyinyi ni wale wa maswali ama wale wa maji?" Ni vizuri ujue jibu kabla ya kubisha.

Shule ya kwanza ya kazi hii Marekani, kule New York mwaka 1898, ilikuwa mafunzo ya likizo kwa watu waliokuwa tayari wanaingia majumbani mwa maskini. Yaani miguu ilitangulia, darasa likafuata. Sisi tumegeuza. Tunamaliza nadharia, halafu tunampa mtoto wa watu barua ya chuo na kumwambia aende fildi, kana kwamba fildi itamfundisha yenyewe.

Kwa hiyo ukurasa wa majukumu kwangu una pande tatu. Mwanafunzi haingii nyumba ya mtu peke yake. Hatoi pesa, hatoi ahadi. Hapigi picha ya mtoto, na jina la mtu haliingii kwenye grupu ya WhatsApp. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haikutungwa kwa ajili ya mabenki peke yake. Akisikia mtoto anadhulumiwa, hakai nayo hadi Jumatatu: ananiambia siku hiyo hiyo, na namba 116 anaijua kwa kichwa. Mimi nampa saa moja kila wiki, mlango umefungwa, simu kimya, na swali la kwanza ni wewe mwenyewe unalalaje. Chuo nacho kinatuma mhadhiri wiki ya tano, wakati bado kuna kitu cha kurekebishwa. Akija siku ya mihuri, amekuja kuzika.

Na kuna nauli. Mwanafunzi analipia karo ya muhula ambao anafanya kazi bila malipo, kisha anajilipia matatu na lunch. Kuna mmoja aliyekuwa akitembea kutoka Kawangware hadi Kibera na kurudi, akikata Kilimani jua likiwaka, halafu tunamwandikia "hana bidii saa za mchana". Mpango wowote wa mafunzo usiouliza utafikaje na utakula nini umeamua kimyakimya kwamba kazi hii ni ya watoto wa wenye nacho. Sisi tulikaa chini tukatenga nauli kwenye bajeti, kabla ya fulana na mabango.

Mpango mzuri nao lazima ukubali kuvunjwa. Julai 2018 nilikuwa na mwanafunzi mwenye malengo yaliyopigwa chapa vizuri sana, jedwali na rangi. Tarehe 23, alfajiri, tingatinga ziliingia Kibera kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Maelfu ya watu wakaachwa bila makao siku hiyo, na shule zikaanguka na nyumba. Aliniuliza, "Sasa malengo yangu?" Tulichukua kalamu tukakata matatu kati ya manne. Tukaandika moja kwa mkono: kujua kila mtoto wa darasa lile amelala wapi leo. Alilifikia kwa siku sita, pamoja na walimu na mama wa plot.

Ukienda atachmenti mwaka huu, usiogope ukurasa wa nne. Mihuri itakuja. Kaa na ule wa pili, na kabla hujaupeleka chuoni, mpe mtu mmoja wa mtaa unaokwenda ausome. Mwache asome hadi mwisho. Akikuuliza yeye ameandikwa wapi, mwonyeshe kwa kidole. Na kama hapaonekani, kalamu bado iko mkononi mwako.