Nzi wa Kabatini

Msomaji, siku moja nilifundisha uongo darasani kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Tulikuwa tumefuga nzi wa matunda, wale wadogo wenye macho mekundu wazungukao ndizi mbivu, katika chupa zilizozibwa kwa pamba. Mwanafunzi mmoja aliuliza: nzi aliyefungiwa gizani atajuaje kuwa kumepambazuka, apate kutoka gandani mwake? Nilijibu kuwa hatajua, atatoka saa yoyote. Na nikawaamuru wote waandike hivyo madaftarini. Kijana alipotaka kuendelea, nilimwambia aketi.

Hakubishana. Alitwaa chupa ya nzi waliolelewa kwa mchana na usiku, ambao walikuwa wangali magandani, akaifungia katika kabati la maabara. Aliitazama kwa tochi iliyofunikwa kitambaa chekundu, maana macho ya nzi hao huona wekundu kwa shida. Siku tatu mfululizo wengi walitoka karibu na mapambazuko wasiyoyaona. Aliniletea hesabu yake bila tabasamu, jambo lililonichoma kuliko kicheko.

Usiku ule nilifungua vitabu. Ubongo wa nzi huyu, ulio mdogo kuliko punje ya wimbi, una chembe za neva zipatazo 140,000, na miongoni mwake kama 240 tu ndizo zishikazo saa. Nane kila upande hutoa kitu kiitwacho PDF, mnyororo mfupi wa asidi za amino 18. Hiyo ni nyuropeptidi. Usiidhanie kuwa ni barua itiwayo mkononi mwa jirani mmoja; ni mbiu ya mgambo. Huenea, na kila chembe yenye sikio la kuipokea hubadili mwendo wake, hii ikichangamka, ile ikitulia. Mwaka 1999 wataalamu walieleza habari za nzi waliozaliwa bila PDF: katika giza la daima wengi walishika majira siku moja au mbili, kisha wakapotea.

Lakini mbiu hiyo peke yake haimtoi nzi gandani. Mwaka 2017 ilielezwa kuwa baadhi ya chembe zizo hizo za saa hutumia nyuropeptidi nyingine, sNPF, kuzituliza chembe chache zitoazo homoni iitwayo PTTH. Homoni hiyo huiamrisha tezi ya kifuani itengeneze ekdisoni. Na ekdisoni ikisha kupungua ndipo nzi hupata ruhusa ya kutoka. Naam, saa iko kichwani, na amri hufika kifuani kwa mkono wa mjumbe baada ya mjumbe.

Asubuhi niliwaomba wanafunzi waikate sentensi yangu kwa kalamu, nikamtaka radhi kijana yule mbele ya wenzake. Akainuka.

“Asante, mwalimu. Na wale ambao hawajaona mwanga tangu walipokuwa mayai?”

Jibu lilinipanda ulimini. Nikalimeza, nikampa ufunguo wa kabati.