Anasema Nini Huyo?

Likizo hii ndefu nimeangalia filamu nyingi kuliko mwaka mzima niliokaa chuoni. Sababu ni nyepesi. UE ilikwisha, bumu lilikuwa limeshakwisha kabla ya UE, na mwenzangu wa chumbani alinijazia flashi siku moja kabla sijapanda basi la Songea. Hakuchagua, alikopi folda zima. Mlikuwa na Wahindi, Wamarekani, Wakenya, Wazanzibari na Wamalawi, wamebanana humo kama abiria wa basi lenyewe.

Nyumbani ni Tingi, wilaya ya Nyasa, kwa wale ambao ramani yao ya Ruvuma inaishia Songea mjini. Mchana tulikuwa kwenye kahawa: kuchuma, kumenya, kuanika kwenye vichanja. Jioni, chaji ikiwepo, kompyuta iliwekwa juu ya kiti na watu wakakaa mkekani. Watazamaji wangu walikuwa wanne: mama, bibi mzaa mama, mdogo wangu wa darasa la tano, na binti wa mama mdogo anayekaa kwetu, yuko Kidato cha Pili. Kila filamu, kabla dakika tano hazijapita, lilikuja swali lile lile: "Anasema nini huyo?" Wa kujibu nikawa mimi.

Nitasema machache kuhusu filamu tano au sita kati ya hizo. Mimi siyo mhakiki wa filamu. Ni mwanafunzi wa ualimu, Kiswahili na Historia, na kwa bahati mbaya mtu akishaanza kusomea ualimu hawezi tena kuangalia filamu kwa amani. Kila kitu anakiona darasa.

Nianze na ile isiyo na shida, Commando ya mwaka 1985. Arnold Schwarzenegger amechukuliwa binti yake, anakwenda kumrudisha, basi. Mdogo wangu alikuwa ameshaiona kwenye banda umiza, ile iliyotafsiriwa, akakaa kwangu kama mkaguzi. Nilipotafsiri kwa ustaarabu wangu wa chuo akanikatiza: "Dada, siyo hivyo. Yule wa kwenye video anasema steringi kakasirika mpaka mshipa unaimba." Schwarzenegger hakusema hivyo hata kidogo. Lakini ukimtazama usoni, kweli mshipa unaimba.

Kazi hii ya kutafsiri filamu juu ya sauti yake tunaidharau sana. Lufufu aliifanya hapa kwetu mpaka sauti yake ikajulikana kuliko sura yake, DJ Mack naye akajipatia jina. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo anayetafsiri kwa Kiganda. Wanaongeza chumvi, wanawabatiza wahusika majina mapya, wakati mwingine wanatunga kabisa. Lakini muulize mtoto aliyetoka banda umiza filamu ilihusu nini, atakueleza mwanzo mpaka mwisho, nani alimsaliti nani na kwa nini. Kisha muulize mwanafunzi aliyetoka kipindi cha dakika themanini cha sekondari kimehusu nini. Hapo nyamaza kidogo usikilize.

Ya pili ni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Ndiyo filamu ambayo Tanzania iliipeleka kuwania Oscar. Sisi tuliopita HKL tunaijua riwaya yake kwa maumivu, maana tuliichambua mpaka ikabaki mifupa: dhamira, wahusika, ukombozi wa mwanamke, mifano mitatu kila hoja. Filamu ni ya taratibu, ina vyumba vyenye giza na watu wanaotazamana bila kusema. Nilidhani Tingi hawataivumilia. Kumbe hii ndiyo iliyowakalisha wima, kwa sababu hakuna aliyehitaji kuuliza huyo anasema nini. Kiswahili cha Unguja kiliwachekesha kidogo, lakini kiliingia.

Na waliposhaelewa, wakaanza kuichambua kweli kweli. Yasmini ameozwa mwanaume aliyemzidi umri kwa mbali, amekimbia. Bibi akauliza, "Sasa mahari karudisha nani?" Mama akasema mahari hairudi, mtoto hakuulizwa. Bibi akasema hata yeye hakuulizwa, na ng'ombe walipokelewa. Wakabishana saa nzima, filamu ikiwa imesimama. Miaka miwili ya Kidato cha Tano na cha Sita tuliandika kuhusu ukombozi wa mwanamke na hakuna aliyewahi kuuliza swali la mahari. Mimi sikuingilia. Nilikaa nikawasikiliza mama na mama yake wakisemeshana mambo ambayo nadhani hawakuwahi kusemeshana.

Supa Modo ya Mkenya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, niliiweka kwa ajili ya mdogo wangu. Ni fupi, inamhusu Jo, mtoto mgonjwa anayekaribia kufa ambaye ndoto yake ni kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinashirikiana kumtengenezea filamu yake. Wanachanganya Kiswahili, Kikikuyu na Kiingereza, kwa hiyo nilitafsiri vipande vipande tu. Mwisho nilinyamaza, hapakuwa na cha kutafsiri. Mdogo wangu alitoka nje akasema anakwenda kuangalia kuku. Saa tatu usiku, kuku gani?

The First Grader ya mwaka 2010 ndiyo iliyonipa taabu kama mwalimu mtarajiwa. Inatokana na maisha ya Kimani Maruge, mpiganaji wa zamani wa Mau Mau, aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, baada ya Kenya kufuta ada za shule ya msingi. Getini anazuiwa, anaambiwa alete sare, anarudi na kaptula aliyoikata kutoka kwenye suruali. Filamu inapenda kutuliza machozi, na kuna mahali mwalimu anachorwa kama malaika. Walimu tunaowajua siyo malaika, wana madeni na wana watoto wanaoumwa. Lakini kuna jambo moja limekaa sawa. Mzee ana barua kutoka serikalini, na anachotaka ni kuisoma yeye mwenyewe.

Mama alilishika hilo haraka kuliko mimi. Alisema, "Ana haki. Barua ya kusomewa unasikia kile msomaji anachotaka usikie." Halafu akanitazama, akaongeza: "Hata wewe hapa, hatujui unatuficha mangapi." Tulicheka wote, lakini maneno yale niliondoka nayo. Kutafsiriwa ni msaada, na pia ni utegemezi. Anayekutafsiria amekushika mkono, na anaweza kukupeleka anakotaka yeye.

Sasa The Boy Who Harnessed the Wind. Chiwetel Ejiofor aliiongoza mwaka 2019 na yeye mwenyewe ndiye baba katika filamu. Ni habari ya kweli ya William Kamkwamba wa Malawi, aliyefukuzwa shule kwa kukosa ada wakati wa njaa, akawa anasoma kitabu cha nishati maktabani, akatengeneza kinu cha upepo kwa vyuma chakavu. Malawi kwetu siyo nchi ya mbali. Ukisimama Mbamba Bay ukatazama ng'ambo ya ziwa, Malawi ni milima ile pale.

Wanaongea Kiingereza na Kichewa. Kwenye Kiingereza nilitafsiri kama kawaida. Kilipokuja Kichewa nikaanza kusoma maandishi ya chini, na kabla sijamaliza bibi akacheka peke yake. Bibi alizaliwa Liuli, ziwani kabisa, akakulia kwenye samaki na wavuvi na watu waliovuka maji kuja kuuza na kununua. Kinyanja anakisikia, na Kinyanja na Kichewa ni kitu kile kile. Maandishi ya chini yalikuwa yamesema jambo la kawaida tu. Nikajikuta namgeukia: "Bibi, anasema nini huyo?" Akaeleza kwa raha zake, akarudia na ile sauti, akatuambia mzee mmoja pale anasema kwa adabu huku anatukana. Mdogo wangu wa Kidato cha Pili alimtazama bibi kama anamwona leo. Bibi ambaye darasa lake la mwisho ni la nne ndiye aliyekuwa mwalimu, na mimi mwenye kitambulisho cha chuo nikawa mwanafunzi mkekani.

Kuhusu filamu yenyewe, ubishi ulikuwa juu ya baiskeli. William anataka baiskeli ya baba yake aikate apate vipuri vya kinu. Mimi nilikuwa upande wa William, nadhani na ninyi mtakuwa huko. Mama alisema asingeitoa. "Baiskeli ndiyo mtaji wa nyumba. Tunajua kilifanya kazi kwa sababu wamekitengenezea filamu. Wale ambao vinu vyao havikuzunguka, nani kawachukua picha?" Sina jibu la hilo mpaka leo. Kila mzazi wa Tingi aliyeuza gunia la kahawa akamlipia mtoto michango na sare ameikata baiskeli yake, na hajui kama upepo utakuja.

Ya mwisho ni Taare Zameen Par, filamu ya Kihindi ya mwaka 2007 ya Aamir Khan. Ishaan ni mtoto wa miaka minane, herufi zinamchezea machoni, kila mtu anamwita mvivu. Ni ndefu, ina nyimbo, na mwisho wake ni mtamu mno, kila tatizo linaisha kwenye shindano la kuchora. Lakini kuna kipande kimoja ambacho ningependa kila mwanafunzi wa ualimu akione kabla ya kwenda BTP. Mwalimu wa sanaa anakwenda nyumbani kwa mtoto, anachukua boksi lenye maandishi ya kigeni kabisa, anampa baba: soma. Baba anasema hawezi, hajui lugha hiyo. Mwalimu anamwambia ajitahidi, aweke akili hapo. Baba hawezi. Basi, anamwambia, wewe ni mkaidi.

Nilipomaliza kutafsiri kipande hicho, binti wa mama mdogo, ambaye likizo nzima hakuwa na maneno mengi, alisema taratibu: "Dada, sisi ndiyo tunafundishwa boksi."

Huyu mtoto alifaulu vizuri darasa la saba, akisoma kwa Kiswahili. Amefika sekondari, karibu masomo yote yamegeuka Kiingereza, naye ameacha kunyoosha mkono. Novemba ana mtihani wa taifa wa Kidato cha Pili, na mama alikuwa ameshaninong'oneza kwamba anazungumzia kuacha, aende mjini akatafute kazi za ndani. Mtoto wa kike wa miaka kumi na tano. Kwa hiyo mnisamehe kama nimeyaangalia haya yote kwa jicho la darasa tu.

Kesho yake nililichukua daftari lake la Historia. Mada ilikuwa biashara ya misafara na utumwa. Alikuwa amenakili kurasa sita kwa mwandiko mzuri, na neno la Kiingereza la msafara lilikuwemo zaidi ya mara kumi. Nikamuuliza maana yake, hajui. Nikalifunga daftari nikamsimulia kama wa banda umiza: Kilwa pale pwani, njia inakata nchi, watu wamebeba pembe, watu wamefungwa shingo, na huku mwisho wa njia ni ziwa, hili hili letu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Sasa sisi wa hapa tulikuwa wa kuuzwa au wa kuuza?" Nilimwambia walikuwepo wa pande zote mbili. Akakaa nalo muda mrefu. Ndipo nikalifungua daftari, tukarudi kwenye Kiingereza sentensi moja moja.

Najua mtakachosema, maana mwenzangu wa chumbani alikisema kwenye simu: watu wameangalia Commando ya kutafsiriwa miaka yote na hakuna aliyejua Kiingereza, na mtihani hautaletwa na Lufufu. Ni kweli. Na mama alishasema, barua ya kusomewa siyo yako. Mtoto lazima afike kwenye barua mwenyewe. Ninachokataa ni kumpa barua na kumwita mkaidi. Mwache kwanza ajue habari ni nini, aibishie, aulize mahari karudisha nani. Akishakuwa na la kusema, atakuwa na sababu ya kutafuta Kiingereza cha kulisemea. Wenzangu wa ualimu, tunaokwenda BTP mwaka huu, dakika kumi za mwanzo wa kipindi zinatosha kujaribu.

Sikuahidi muujiza nyumbani, na sijui Novemba itakuwaje. Hadi naondoka Tingi bado alikuwa anakwenda shule. Nyuma ya daftari lake la Historia alikuwa ameandika maswali matano kwa Kiswahili, ya kwake mwenyewe, na chini ya kila swali ameacha mistari mitatu ya kujibia kwa Kiingereza. Mawili alikuwa ameshayajibu.