Swali Lenye Jibu Ndani Yake

Filamu ya Denmark iitwayo Jagten, yaani Uwindaji, ilitoka mwaka 2012 chini ya uongozi wa Thomas Vinterberg. Sisi tuliitazama tukiwa tumechelewa miaka mingi, sebuleni kwa mwalimu mwenzetu, huku tafsiri ya mazungumzo ikipita chini ya picha. Tulikuwa tumeonywa kwamba inahuzunisha. Hatukuonywa kwamba inahusu kazi yetu.

Lucas, anayeigizwa na Mads Mikkelsen (aliyetuzwa Cannes mwaka huohuo), ni mwalimu ambaye shule yake imefungwa. Sasa anafanya kazi katika shule ya watoto wadogo. Mji ni mdogo, na wanaume wake huwinda pamoja na kunywa pamoja. Klara, binti wa Theo, rafiki yake mkubwa, anampenda kwa mapenzi ya kitoto na kumtengenezea zawadi ya moyo. Lucas anamkanya kwa upole asimbusu mdomoni, na zawadi ampe mwingine. Mtoto anaona haya, anakasirika, kisha anamwambia mkuu wa shule maneno machafu aliyoyaokota katika picha ambayo wavulana walimwonyesha kwa mzaha nyumbani kwao.

Hapo ndipo panapotupasa sisi walimu wa lugha kutega sikio. Mkuu anamwita bwana mmoja amhoji mtoto. Bwana huyo hafoki wala hatishi. Sauti yake ni laini. Lakini maswali yake yamekwisha beba majibu. Klara anasitasita, anataka kwenda kucheza nje. Swali linarudi. Mwishowe kichwa kinaitikia, na kuitikia huko ndiko kunakotoka ofisini kama ushahidi. Baadaye anapojaribu kumweleza mama yake kwamba alisema upuuzi tu, mama, kwa huruma, anamwambia kuwa ni akili yake inayokataa kukumbuka.

Hatusemi kwamba mtoto akilalamika apuuzwe. Wako wengi walioumia kwa sababu hapakuwa na aliyewasikiliza. Lakini yule bwana hakusikiliza.

Lugha yetu nayo ina vijineno vyake: "sivyo?", "au siyo?", "si ndiyo?" Tukimwelekezea mtoto aliyefunzwa kwamba mkubwa habishiwi, "ndiyo" yake huwa adabu kabla ya kuwa habari. Miaka kadhaa iliyopita kitabu cha hadithi kilipotea darasani mwetu. Tulimwita mwanafunzi mmoja, tukamwambia, "Ni wewe uliyekichukua, sivyo?" Akainamisha kichwa. Akaadhibiwa mbele ya wenzake. Juma la tatu tulikikuta kitabu kimeangukia nyuma ya kabati letu wenyewe. Tulipomwuliza mbona alikubali, alijibu bila kinyongo, "Mwalimu, ulikuwa umekwisha sema."

Wanaotafuta ngumi katika filamu hii watazipata. Polisi wanamwachilia Lucas, kwa kuwa watoto wanaeleza chumba cha chini ya nyumba, na nyumba yake haina chumba hicho, mji haumwachilii. Jiwe linavunja dirisha lake, mbwa wake Fanny anauawa, naye anapigwa dukani alikokwenda kununua chakula. Usiku wa Krismasi anaingia kanisani na uso wenye majeraha, kati ya watu waliokuwa rafiki zake. Sisi tulizitazama ngumi hizo, lakini fikira zetu zilikuwa zimebaki ofisini, penye ile sauti laini.

Mwaka unapita. Watu wanacheka naye tena, na mwanawe Marcus anakabidhiwa bunduki ya kuwindia. Kisha msituni risasi inampita Lucas kandokando. Aliyefyatua amesimama jua likiwa nyuma yake, uso wake hauonekani.

Mwenzetu akatugeukia. "Ni mtoto wa Theo yule, sivyo?"

Hatukumjibu.