Nyama Iliyotoka Usangu

Mwaka 1978, nilipopangiwa kazi Mbeya nikitokea chuo cha mifugo Mpwapwa, nyama ya mjini ilikuwa bado inakuja kwa miguu. Ng'ombe walinunuliwa mnadani huko chini, kwenye bonde la Usangu, wakaswagwa kupitia Chimala na Igurusi, wakapanda Inyala, wakatokea Uyole. Lami ya barabara ya Zambia ilikuwepo, na reli ya TAZARA ilikuwa mpya. Lakini lori lilikuwa ghali na dizeli ikazidi kuwa ya shida vita vya Uganda vilipoanza mwishoni mwa mwaka ule. Fimbo ilikuwa rahisi zaidi.

Wakati huo Mbarali haijawa wilaya. Usangu ilihesabiwa ndani ya Mbeya Vijijini, na kwa sisi maofisa wadogo ilikuwa kama nchi nyingine. Wasangu wenyewe walikuwa wafugaji tangu zamani za watemi wao. Wamasai walishaingia miaka mingi nyuma, Wabaluchi walikuwa na maduka na mifugo Rujewa, na katika miaka ile ile ya 1970 Wasukuma walikuwa wanashuka na makundi makubwa ya ng'ombe pamoja na plau zao. Wote hao walipata nyasi za masika kwenye mbuga za juu, na kiangazi kikikaza walishuka Ihefu, kwenye kinamasi ambacho hakikukauka.

Ng'ombe wa Ihefu wa mwezi wa Juni alikuwa mnyama wa kupendeza. Mgongo umelala, mbavu hazionekani, nundu imejaa, manyoya yanang'aa. Nimewaona wengi mnadani wakiwa hivyo. Halafu nikawaona walewale siku kadhaa baadaye kwenye zizi la machinjio mjini, na hapo ndipo nilipoanza kujifunza kazi yangu. Wametoka joto la mita 1,000 juu ya usawa wa bahari hadi baridi ya mita 1,700, wamelala nje bila majani, wamechapwa njia nzima. Wengine walifika jioni wakachinjwa alfajiri.

Nyama yao ilikuwa nyeusi. Haikuwa imeoza wala haikuwa na ugonjwa, na kwa sheria ya ukaguzi sikuwa na sababu ya kuitupa. Ilikuwa imekauka kwa kuiangalia lakini ukiigusa inanata vidoleni, na kabla ya saa sita mchana ilikuwa imeshaanza kutoa harufu buchani. Mama aliyeinunua angeichemsha tangu adhuhuri mpaka magharibi, kisha kesho yake amgombeze mwenye bucha.

Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa Rujewa, mtu mzima, ambaye ng'ombe wake hawakutoa nyama ya namna hiyo. Aliwaswaga polepole, akawalaza mahali penye maji, na wakifika mjini hakukubali wachinjwe siku hiyo. Vijana wa machinjio walimsumbua kwa sababu zizi lilikuwa dogo. Siku moja nikamuuliza kwa nini anajitia gharama ya kukata majani na kuchota maji kwa ng'ombe ambao kesho watakufa. Akanijibu, "Bwana mifugo, hawa bado hawajafika. Miili tu ndiyo imefika."

Chuoni tulifundishwa jambo hilohilo kwa maneno mengine. Mnyama aliyeshiba na kupumzika ana akiba ya sukari kwenye misuli. Akishachinjwa, sukari ile hugeuka asidi polepole, na asidi hiyo ndiyo inayoipa nyama wekundu wake, ikaifanya iachie maji kidogo, ilainike na kudumu. Aliyechoka au aliyetishwa usiku kucha ameitumia akiba yote njiani. Ukimchinja, hakuna cha kugeuka asidi. Nyama inabaki nyeusi na vijidudu vinaifurahia. Hakuna kiungo cha jikoni kinachoweza kurudisha sukari ile. Inarudishwa na maji, majani na mapumziko kabla ya kisu, basi.

Muhuri wangu wa wino wa zambarau haukusema lolote kuhusu hayo. Ulisema kwamba mnyama huyu hana kifua kikuu, hana tegu wa kutisha, anafaa kuliwa. Nilipasua taya, bega na moyo nikitafuta malengelenge ya tegu, nikapapasa mapafu, nikachana tezi. Kisha nikafika kwenye ini. Maini ya Usangu yaliniumiza sana. Kinamasi na majaruba ya mpunga yana konokono, na konokono hao hubeba minyoo ya ini. Mirija ya nyongo ilikuwa imeganda ikawa migumu, kisu kikipita kinakwaruza kama kimeingia mchangani. Nililazimika kuyatupa mengi, na mwenye ng'ombe alisimama pale akiangalia sehemu ya bei yake nzuri ikiingia shimoni. Dawa za minyoo zilikuwepo duniani, lakini josho la karibu lilikuwa halina hata dawa ya kupe, seuze ya minyoo.

Ilisemwa sana miaka ile kwamba viwanda vingemaliza tatizo. Kawe, Dar es Salaam, kilikuwepo kiwanda cha Tanganyika Packers, kilichoanza mwaka 1947, na nyama yake ya kopo ilijulikana hadi ng'ambo. Kampuni ya Ranchi za Taifa, NARCO, ilikuwa na ranchi Usangu kwetu na Kalambo kule Rukwa, mahali ambapo ng'ombe wangenenepeshwa kwa utaratibu. Mbalizi, nje kidogo ya mji wa Mbeya, mpaka leo kuna eneo watu wanaliita Tanganyika Packers. Lakini nyama ya Mbeya iliendelea kutoka kwenye zizi la fimbo na matope.

Baadaye nilihamishiwa Iringa. Huko nilikutana na ng'ombe wa Uhehe, wadogo, wekundu, ambao vitabu vya wataalamu vinawaita Iringa Red. Ng'ombe wa kienyeji mzima, iwe Usangu au Ismani, ana kilo kama 250 akiwa hai. Ukimning'iniza baada ya kumchuna unabaki na nusu au pungufu. Hakuumbwa kuwa na minofu minene. Aliumbwa kutembea, kuvumilia kupe na kiangazi, na kuzaa baada ya kiangazi. Ukimchinja akiwa na miaka mitatu au minne, nyama yake ina utamu ambao sijaukuta kwenye nyama ya kopo wala ya friji kutoka nje. Lakini nani alimchinja na umri huo? Nilifungua vinywa vyao kila asubuhi na meno yalikuwa yamejaa yote manane, mengine yamelika. Walikuwa maksai waliolima kwa misimu mingi, na majike yaliyoacha kuzaa. Mfugaji hakuuza kijana wake mzuri kwa sababu huyo ndiye benki yake na mahari ya mwanawe. Aliuza aliyechoka. Wala simlaumu, maana hakuna mnunuzi aliyewahi kumwongezea hata shilingi kwa kuleta ng'ombe mdogo na laini. Mnadani bei ilikuwa ya kutazama kwa macho, na buchani ilikuwa kilo ni kilo, ikakatwa kwa shoka juu ya gogo, mfupa, steki na utumbo bei zikitofautiana kidogo tu.

Katika miaka ya 1990 homa ya mapafu ya ng'ombe ilirudi nchini na ikafika mpaka nyanda zetu. Minada ilifungwa, karantini zikawekwa, magendo yakashamiri usiku. Nayapita hayo kwa sababu kilichonishika zaidi kilikuja baadaye.

Tangu mwaka 1993 mto Ruaha Mkuu ulikuwa unakauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu yalitegemea maji yake, na umeme ulipokatika nchi nzima ilitazama Usangu. Sitasema ng'ombe hawakuwa wengi. Walikuwa wengi, na niliiona Ihefu ilivyokanyagwa. Lakini mashamba makubwa ya mpunga ya Mbarali na Kapunga, pamoja na maelfu ya wakulima wadogo, nayo yalikuwa yanachota mito ileile, na watafiti wa maji waliofanya kazi Usangu walionyesha kwamba umwagiliaji ulikuwa na mkono mkubwa katika ukame ule. Mwaka 2006 uamuzi ulipotoka, uliwaangukia wenye ng'ombe. Waliamriwa waondoke Usangu, wengi waende Lindi na mkoa wa Pwani. Ripoti mbalimbali zinataja laki mbili hadi tatu za mifugo. Mwaka 2007 Rais Kikwete aliunda tume kuchunguza namna operesheni ilivyoendeshwa, na mwaka 2008 sehemu kubwa ya Usangu ikaingizwa katika Hifadhi ya Ruaha.

Barabara ya kutoka Usangu kwenda pwani inapita Makambako, Mafinga, halafu chini ya mji wa Iringa, Ipogolo, kabla ya kuteremka Kitonga. Kwa hiyo ng'ombe waliohamishwa niliwaona. Malori yalisimama pale kupoza injini kabla ya mteremko, na mimi na wenzangu tuliitwa kutazama wanyama walioanguka. Ng'ombe walikuwa wamebanwa, aliyelala chini alikanyagwa na wenzake na hakuinuka tena. Ndama walikuwa wametenganishwa na mama zao. Wengine walivunjika miguu wakachinjwa pembeni ya barabara, na kazi yangu ilikuwa kusema kama nyama yao inalika.

Kijana wa Kisukuma alishuka kwenye lori moja akanishika mkono. "Mzee, hawa walikuwa wanene," aliniambia. "Ungewaona mwezi uliopita." Alirudia mara kadhaa, kama mtu anayetaka kuandikiwa cheti. Nilimwamini, maana mifupa ya mnyama aliyewahi kunenepa naijua. Nilipopasua paja la mmoja wa waliovunjika miguu nikaiona ile nyama nyeusi ya mwaka 1978, safari hii nyeusi zaidi. Vipande tulivyoruhusu viliuzwa kwa bei ya kutupa. Vingine tulifukia. Huko Usangu, wenzangu waliniambia, minada ilijaa kwa sababu kila mtu alitaka kupunguza kundi kabla ya faini na lori, na bei iliporomoka hadi ng'ombe wa mahari akauzwa kwa thamani ya mbuzi kadhaa.

Kilichoniuma ni kwamba mjini watu walifurahia. Nyama ilikuwa rahisi majuma yale. Hakuna aliyeuliza kwa nini ni rahisi, wala kwa nini haiivi.

Mapema mwaka 2007 ikaja homa ya Bonde la Ufa, ikaua watu zaidi ya 100 nchini, Dodoma wakiumia zaidi, na Iringa nayo haikusalimika. Majike yaliharibu mimba zizi zima. Ghafla mabucha ya Iringa yakawa matupu, kuku na samaki wakapanda bei, na watu waliokuwa hawajawahi kuuliza ng'ombe katoka wapi wakaanza kuuliza kwa hofu. Tulizunguka tukieleza kwamba hatari kubwa iko kwenye damu wakati wa kuchinja na kwenye mimba zilizoharibika, na kwamba nyama iliyoning'inizwa vizuri ikapata asidi yake, kisha ikapikwa ikaiva, haina shida. Nikaona tena kwamba mnyama aliyepumzika humlinda hata mlaji. Homa ilipopoa, maswali nayo yakaisha.

Siku hizi wajukuu zangu wananunua nyama kwenye supamaketi, imefungwa kwa nailoni kwenye sahani nyeupe. Nafurahi kuona friji, nafurahi kuona msumeno badala ya gogo na shoka. Nyama iliyokaa kwenye baridi siku chache inalainika kuliko ile ya moto tuliyokuwa tunaikimbilia alfajiri. Lakini nasikia wateja wakikataa nyama yenye mafuta ya njano wakidhani ng'ombe alikuwa mgonjwa, wakachagua yenye mafuta meupe. Njano ile mara nyingi ni ya majani mabichi. Rangi ya majani huhifadhiwa kwenye mafuta ya ng'ombe wa malishoni. Meupe ni ya ng'ombe aliyefungiwa akalishwa nafaka. Yote mawili yanaweza kuwa nyama nzuri. Kinachofaa kuulizwa ni umri wake, alisafirije, alipumzika muda gani, na alichomwa sindano lini, maana kuna antibaiotiki ambazo mnyama akishapewa hapaswi kuchinjwa kwa majuma manne, na mfugaji mwenye shida hamalizi hata moja.

Kwa muda mrefu hoteli kubwa nchini zimekuwa zikiagiza steki kutoka Kenya na Afrika Kusini, na Shoprite ilipofungua maduka Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000 tuliambiwa nyama yetu haina kiwango. Haina kiwango kwa sababu hatukumlipa yeyote aipatie kiwango. Iringa na Mbeya zina mashudu ya alizeti na pumba za mpunga, tena tele. Ng'ombe kijana wa kienyeji akifungiwa na kulishwa hivyo kwa miezi mitatu anabadilika kabisa. Nimewaona vijana wachache wanaofanya hivyo nje ya mji, na nyama yao naijua kwa kuitazama tu. Inalala kwenye friji ileile, kwa bei ileile, karibu na ya maksai aliyelima miaka 10.

Sheria ya mwaka 2010 ya utambuzi na ufuatiliaji wa mifugo ipo, na Serikali imeanza kuvalisha ng'ombe heleni zenye namba. Ninachotaka, na nimewaambia hivyo kila waliponiita mkutanoni tangu nistaafu, ni kwamba namba ile isiishie machinjioni pamoja na sikio. Iandikwe kwenye karatasi ya bei pale buchani na supamaketi: umri, kijiji, siku alizopumzika. Mfugaji wa Usangu aliyemtunza ng'ombe wake vizuri ajulikane kwa kijiji chake na alipwe kwa hilo.