Gitaa Dogo la Mahogani kwa Mwalimu wa Nyimbo

Wanachuo wanaokaribia kuhitimu hutuuliza wanunue gitaa la namna gani. Swali hili lastahili kufikiriwa, maana fedha ya mwalimu ni ya jasho, na gitaa lisilomfaa huishia kutundikwa ukutani. Jibu letu ni kwamba mwalimu asitafute gitaa lenye kishindo, bali lile litakaloacha sauti ya mtoto isikike.

Kwa kazi hiyo twapendelea gitaa kavu lenye sanduku dogo, nyuzi fupi na uso wa mahogani. Sanduku kubwa huvuma na kufunika sauti za watoto wa darasa la kwanza. Lililo dogo hushikika vyema kifuani, na mwalimu aketipo nalo huwaona wanafunzi wake wote.

Ufupi tunaousema ni wa ile sehemu ya uzi inayotikisika. Katika magitaa ya kampuni ya Martin ya Marekani, kipimo kirefu ni milimita 645 na kifupi ni 632 hivi. Tofauti yaonekana ndogo; lakini kwa uzi ule ule na sauti ile ile, mkazo hupungua kwa karibu asilimia 4. Vidole vya mwanafunzi hupata nafuu, na mwenye kiganja kidogo hakati tamaa mapema.

Mahogani nayo hutoa sauti ya upole isiyong'ara mno, hivyo maneno ya wimbo hubaki wazi. Biashara ya mahogani ya Amerika yenye majani mapana imewekewa masharti ya kimataifa tangu mwaka 2003. Mkangazi wetu ni wa ukoo huo, na miti ya jamii yake ya Afrika hutumika pia kuundia magitaa. Asiyepata ule wa Amerika asione haya.

Dukani, angalia kwamba shingo imenyooka na daraja halijabanduka. Kisha mwombe mwenzio alipige huku wewe ukiimba kwa sauti ya kawaida. Ukilazimika kupaza sauti, lirudishe.

Twakiri kwamba uwanjani, mbele ya shule nzima, gitaa hili halitasikika. Huko ngoma yafaa zaidi. Darasani, hata hivyo, chombo ni msaidizi tu; anayefundishwa kuimba ni mtoto.