Jiko Letu na Suke la Nabii Yusuf (A.S.)

  

Kila tunapofika Suratu Yusuf katika darasa la tafsiri, wanafunzi hupenda kuuliza habari za ndoto ya mfalme, wale ng'ombe wanono na wale waliokonda. Ni wachache wanaouliza juu ya agizo lililomo katika aya ya 47. Nabii Yusuf (A.S.) hakuwaambia watu walime na kuweka akiba tu. Aliwaeleza na namna ya kuweka: walichovuna wakiache katika masuke yake, isipokuwa kile kidogo watakachokula. Punje iliyopukuchuliwa iko wazi kwa unyevu na wadudu, lakini iliyomo ndani ya suke bado ina nguo aliyoivisha Muumba wake. Mimi agizo hili nililiona likifanya kazi jikoni kwa mama yangu, kabla sijafika kulisoma katika vitabu vya tafsiri.

Wakubwa wanaikumbuka miezi ya kiza. Umeme wa Unguja hutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Mwaka 2008 tulikaa karibu mwezi mzima bila umeme, kuanzia Mei hadi Juni. Kisha tarehe 10 Disemba 2009, wiki mbili hivi baada ya Sikukuu ya Mfunguo Tatu, ulikatika tena kisiwa kizima na haukurudi mpaka Machi 2010. Nyumba zenye mafriji zilikuwa bado na nyama ya sikukuu. Watu waligawa walichoweza kugawa, na kilichobaki wakakitupa. Pampu za maji nazo zilisimama, na barafu ikawa adimu.

Wakati huo nilikuwa na umri wa miaka 19. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, Allah amrehemu, na kikapu cha sokoni kikawa changu, kwa kuwa kwetu Mkokotoni kwenda sokoni ni kazi ya wanaume na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Nyumbani tulikuwa watu saba: mama, bibi na sisi watoto watano. Tukiishi kwa mandazi ya mama, vibarua vyangu vya diko, na kishamba alichotuachia baba. Pesa ya kununua chakula mara mbili haikuwepo. Kikioza cha leo, kesho watoto wanalala na njaa.

Friji letu mama aliligeuza kabati la vyombo. Kisha akanipa sharti moja: "Mwanangu, kama hakiliwi leo, usinivulie nguo yake."

Maana ya sharti hilo niliijua kidogo kidogo. Muhogo ukishang'olewa hauchukui siku nyingi kabla haujaanza kuingia weusi, lakini ukiwa ardhini unakungoja kwa miezi. Basi nilikwenda shamba kila baada ya siku mbili na kung'oa shina moja tu. Nazi ikiwa ndani ya makumbi yake hukaa wiki nyingi. Ikishafuliwa siku zake hupungua, na tui likishakamuliwa linataka kupikwa siku ile ile. Boga zima hukaa pembeni mwa nyumba muda mrefu, likikatwa lina siku chache. Ndimu ziliachwa mtini. Mkungu wa ndizi ulitundikwa, na chane zikikatwa kwa hesabu ya siku. Mchicha hatukuung'oa. Tulichuma majani ya juu, na shina likachipua tena.

Samaki hana suke. Akishatoka majini, nguo yake imevuliwa. Kwa hiyo nilifika diko mapema, madau yanapoingia kutoka upande wa Tumbatu, na nilinunua wa siku moja tu. Siku samaki walipokuwa rahisi, tuliwapasua, tukawatia chumvi na kuwaanika juani wakawa ng'onda. Hiyo ndiyo nguo ambayo binadamu amejifunza kumvisha samaki, na watu wa pwani wameijua tangu zamani.

Na hapa wanafunzi wa madrasa tuna faida yetu. Wavuvi wa dagaa huwavuta kwa taa usiku, na mwezi ukiwa mpevu taa zao hazina nguvu, basi wengi hawatoki. Anayehesabu mwezi wa Kiislamu anajua kwamba zinapokaribia zile siku nyeupe za tarehe 13, 14 na 15, dagaa watapungua. Nilikuwa nikinunua dagaa wakavu mwanzo wa mwezi, wangali wengi.

Tungule, vitunguu na mbatata vilikuwa na shida yake, kwa sababu nyingi hutuvukia kutoka Bara na hufika zimeshachoka. Mama alinifundisha kuchagua tungule za rangi tatu: zilizoiva kwa mchuzi wa leo, zinazopiga wekundu kwa kesho kutwa, na ngumu kwa mwisho wa wiki. Zikipangwa katika ungo bila ya kubebana, kikonyo kikiangalia chini, maana hapo penye kikonyo ndipo maji yake yanapotokea. Ndizi zinazoiva ziliwekwa mbali nazo, kwani ndizi hutoa hewa inayoharakisha jirani zake kuiva. Vitunguu vilitundikwa penye upepo. Mbatata ziliwekwa gizani, mbali na vitunguu, na iliyogeuka kijani haikupikwa kwa sababu huwa na sumu.

Baadaye nilisoma habari za mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, ambaye katika miaka ya 1990 aliwatengenezea wanavijiji mitungi miwili, mmoja ndani ya mwengine, na katikati mchanga unaotiwa maji. Maji yanapokauka hupoza mtungi wa ndani, na tungule zikaweza kukaa wiki tatu badala ya siku mbili tatu. Mwaka 2000 alipewa tunzo ya Rolex kwa kazi hiyo. Kwetu pwani hewa ina unyevu mwingi, kwa hiyo mtungi kama huo haupozi sana kama kule kwenye ukavu wa Nigeria ya Kaskazini. Kila nchi ina hifadhi yake. Yetu sisi ni udongo, makumbi, chumvi na jua.

Sisemi kwamba miezi mitatu ile tulishiba kila siku. Zipo siku tulikula muhogo kwa chumvi na pilipili. Lakini hatukutupa chakula. Siku tuliyopata cha ziada, bibi alikuwa akisema kwamba ghala salama kuliko zote ni tumbo la jirani. Nasi tunajua namna Mtume (S.A.W.) alivyomuusia Abu Dharr (R.A.) kuongeza maji katika mchuzi ili jirani apate.

Leo nyumba nyingi zina friji, nami ninalo. Ni neema, na tumshukuru Allah kwa neema zake. Lakini friji limetuzoesha kununua kwa macho. Ramadhani ikikaribia tunajaza kila kitu kwa kuogopa bei, na katikati ya mwezi tunatoa mchicha uliogeuka maji na tungule zenye ukungu, wakati sote tumehifadhi Suratul Aaraf aya ya 31 inayokataza israfu katika kula na kunywa. Kinachotupwa kilinunuliwa kwa jasho la baba yako, na kilikuwa haki ya mtu mwenye njaa.

Enyi wanafunzi wetu, wa kiume na wa kike, anzeni na jambo dogo. Pandeni mchicha nyuma ya nyumba, ambao kwa wiki tatu au nne huanza kuchumwa, na shina la pilipili katika ndoo iliyopasuka. Mkitumwa sokoni, ulizeni kwanza kimebaki nini jikoni. Na kabla ya kumenya, kukata au kukuna, ulizeni: kitaliwa leo? Kama hakiliwi leo, kiacheni katika suke lake.

Namuomba Allah azibariki riziki za nyumba zetu, atuepushe na njaa na israfu, na awarehemu wazee wetu waliotangulia. Aamin. Wabillahi tawfiq.